Vipande vya Kioo kwenye Kuta za Junda

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala ramani. Mpima Mkuu wa idara yetu, mzee mfupi aliyevaa kaptula na soksi ndefu wakati kila mtu alikuwa ameshaziacha, alinichukua hadi nyumba moja ya Changamwe, juu ya mteremko unaoshukia kwenye mikoko, akanisimamisha mbele ya mlango. "Fungua," akasema. Nikafungua. "Funga." Nikafunga. Kisha akaenda zake kunywa chai na mwenye nyumba, akaniacha nikifungua na kufunga mlango wa watu asubuhi nzima, majirani wakinitazama na kunong'onezana.

Aliporudi aliniuliza nimeona nini.

"Mlango mzuri, Bwana Mkuu. Ila unakwama kidogo kwa juu."

"Upande gani?"

"Upande wa mteremkoni."

Aliitikia kwa kichwa. "Mwenye nyumba aniambia aliupiga randa mwaka jana, ukakaa sawa. Mwaka huu wakwama tena. Ingekuwa masika ningesema mbao imefura. Sasa ni kiangazi. Kinachotembea hapa ni nyumba, bwana mdogo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kukagua miteremko, na sikuiacha hadi ndevu ziliponigeuka nyeupe. Nawaandikia nyinyi mnaoingia idarani sasa, mnaorusha vile videge visivyo na rubani na kupata picha ya mteremko mzima kabla chai haijapoa. Siwaonei wivu. Nawaonea kidogo tu, kwa sababu ya magoti yangu.

Wakati ule kila niliyemtajia kazi yangu alicheka. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwaambia wageni kwamba mkwe wake anapima milima ya Mombasa, na Mombasa hakuna milima. Ni kweli hatuna milima. Tuna kingo. Bara ya Mombasa imekatwakatwa na mikono ya bahari, na kila mkono una ukingo wake, na watu hujenga ukingoni kwa sababu kuna upepo na kiwanja hupatikana. Kule Changamwe, chini ya udongo mwekundu kuna mwamba laini wa matabaka, ambao ukiwa mkavu waweza kuusimamishia nyumba na ukirowa huwa kama sabuni. Ukiongeza juu yake matangi ya maji na mashimo ya vyoo yanayovuja, na mtu wa bondeni akichimba kitako cha mteremko ili apate uwanja, huhitaji tetemeko. Mvua ya siku tatu inatosha.

Mpima Mkuu alinifundisha kutofautisha mambo mawili ambayo hata wakubwa wengine waliyachanganya. La kwanza ni uwezekano wa ardhi kuporomoka. La pili ni nani atakayeumia ikiporomoka. "Mteremko ukianguka msituni," alikuwa akisema, "hiyo ni habari ya nyani. Ukianguka jikoni kwa mtu ndipo tunapoitwa." Ukishayaweka mawili hayo pamoja, unapaka rangi kwenye ramani. Kijani, watu wajenge. Manjano, wakae lakini waangaliwe. Nyekundu, wahame. Rangi hizo ni nyepesi kupaka, na ni nzito kuzipeleka mlangoni kwa mtu.

Chombo chetu kikuu kilikuwa kipande cha kioo. Ukiona ufa ukutani, unachukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha, upana wa vidole viwili, unakibandika kwa plasta, ncha moja upande huu wa ufa na ncha nyingine upande wa pili, unaandika tarehe kwa penseli. Kioo hakivutiki. Ufa ukipanuka hata unene wa unywele, kinavunjika. Unarudi baada ya wiki, unakitazama, na hapo unajua kama ufa ni kovu la zamani au ni kidonda kibichi.

Kutoka Changamwe nilihamishiwa Likoni, nikawa chini ya Afisa wa Mipango, bwana mmoja mkimya aliyechukia kuandika ripoti na kupenda kutembea. Likoni ardhi si ile ya Changamwe, kwani kule kuna mwamba wa matumbawe, mgumu juu, lakini bahari huutafuna kwa chini. Mkubwa wangu aliniteremsha ufukoni maji yakiwa yamekupwa na kunionyesha jinsi jabali lililobeba ua wa mtu lilivyobaki limening'inia hewani. "Mwamba utazame miguuni," aliniambia, na hayo ndiyo mafundisho aliyonipa kwa miaka mitatu. Kwenye feri nilikuwa napita na mfuko wenye vipande vya kioo, plasta na nyundo, na askari mmoja hakuchoka kunisimamisha. Siku moja akaniuliza mimi ni fundi wa nini hasa. Nikamwambia ni fundi wa nyufa. Tangu siku hiyo nikawa Bwana Nyufa, na jina hilo lilivuka maji na kunifuata hadi Kisauni, ambako ndiko yalikonikuta ninayotaka kuwasimulia.

Kisauni mkubwa wangu alikuwa Mhandisi wa Eneo, mama kutoka milima ya bara. Sisi watu wa pwani tulimwona mkavu. Alikuwa haulizi umeamkaje, anauliza faili iko wapi. Mwezi wa kwanza nilimchukia, wa pili nikamzoea, na ilipofika mwaka ningepigana na mtu aliyemsema vibaya.

Alinituma Junda, kwenye safu ya nyumba tano zilizosimama ukingoni, zikitazama mkono wa bahari. Idara ilitaka kuamua kama barabara ya mtaa ipitishwe nyuma yake na watu zaidi wagawiwe viwanja pale. Jibu lilitegemea rangi nitakayopaka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi. Mwanakombo, mjane wa makamo, na wenye zile nyumba nne nyingine walikuwa wakimsikiliza yeye kwa kila jambo, kuanzia arusi hadi ugomvi wa maji.

Ulikuwa mwezi wa Shaaban, unaotangulia Ramadhani. Nilipiga hodi nikakaribishwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ngia ndani. Wewe ni wa wapi?"

Nikamtajia mtaa wetu wa Likoni na jina la mama yangu, na ikawa kumbe walisoma chuo kimoja cha Kurani walipokuwa wasichana. Basi kazi ikaishia hapo. Nililetewa mahamri na mbaazi, nikaulizwa habari za wafu na walio hai, na nilipozungushwa nyumbani nilikuta kuta nyeupe pepe, zinanukia chokaa mbichi. Nyumba zote tano zilikuwa hivyo hivyo. Nilifurahi kuziona. Niliandika kwenye fomu kwamba kuta ni safi na hazina ufa hata mmoja, na kwenye ramani nikapaka kijani.

Mhandisi aliisoma ripoti nimesimama mbele ya meza yake.

"Nyumba tano, na hakuna ufa hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mhandisi."

"Ni za siku nyingi?"

"Za zamani. Ya kwanza ilijengwa na marehemu mume wa yule mama."

"Yangu ina mwaka mmoja na ina nyufa tatu. Hizi kuta zilipakwa lini?"

Niliitazama mikono yangu. Mkononi mwangu, pembeni mwa kucha, mlikuwa na chokaa. Jumapili iliyopita nilikuwa Likoni, nimepanda ngazi, nawapakia wazazi nyumba kwa ajili ya Ramadhani. Kila nyumba ya kwetu hupakwa chokaa mwezi ule. Mgeni angeuliza mara moja kwa nini mtaa mzima unang'aa. Mimi sikuuliza, kwa sababu kwangu mimi hivyo ndivyo nyumba inavyotakiwa kuwa mwezi wa Shaaban.

Mhandisi alivitazama vidole vyangu. Kisha akasema, "Kwetu mlima ulishuka nikiwa darasa la nne. Ulichukua shamba la babu, na jirani yetu aliyekuwa anakamua ng'ombe. Wiki moja kabla alikuwa ameziba nyufa za zizi kwa udongo, vizuri kabisa. Rudi ukakwangue hiyo chokaa."

Sijawahi kuiona njia ya Junda ndefu kama siku ile. Nilimkuta Bi. Mwanakombo akichagua mchele barazani. Nilipomweleza nilichojia, aliuweka ungo chini.

"Wataka kukwangua ukuta wangu, na mwezi waandama kesho kutwa?"

"Ndiyo, Bi."

"Nimeupaka kwa mikono yangu hini."

"Najua, Bi. Na mimi nimempakia mama."

Aliinuka, akaniletea kisu cha jikoni yeye mwenyewe. "Kwangua nyuma ya kabati, wageni wasione."

Nyuma ya kabati chokaa ilitoka, kisha plasta, na chini ya plasta palikuwa na ufa uliotoka pembe ya dirisha hadi sakafuni. Ulikuwa umejazwa matambara, na udongo, na saruji, tabaka juu ya tabaka. Nilitia kidole kikaingia.

"Huo nauziba kila Shaaban," alisema, akiuangalia kana kwamba hajawahi kuuona. "Tangu mzee wangu yu hai. Nalidhani ni uzee wa nyumba."

Kila mwaka ardhi ilikuwa ikisema, na kila mwaka mwenye nyumba, kwa kuupenda mwezi mtukufu, alikuwa akiifunga mdomo. Nilikwangua nyumba zote tano na zote zilikuwa vivyo hivyo. Nilibandika vioo. Masika ya mwaka ule yaliingia katikati ya mfungo, na zilipoanza siku kumi za mwisho vioo vya nyumba tatu vilikuwa vimevunjika, cha kwake kikiwa cha kwanza. Mhandisi alipaka nyekundu, na barabara ikapelekwa kwingine. Ikabaki kazi ya kuwahamisha watu, na kazi hiyo nilipewa mimi.

Nilijua kwamba akitoka Bi. Mwanakombo wote watatoka, na akikataa watabaki wote. Yeye pia alijua. Alinipa kiti barazani, na kwa kuwa tulikuwa tumefunga hapakuwa na chai ya kujificha nyuma yake.

"Hini nyumba itaanguka?"

"Yaweza kuanguka, Bi."

"Sikuuliza yaweza. Nauliza itaanguka?"

"Sijui."

"Ni lini?"

"Sijui, Bi. Huenda kesho, huenda baada ya miaka kumi."

"Kwa hivyo wanitoa kwangu kwa sijui."

Nilikuwa nimejifunza maneno mengi ya kitaalamu kufikia hapo, na hakuna hata moja lililonisaidia. Nikamwambia, "Ndiyo, Bi. Kwa sijui."

Alitoka siku tatu kabla ya Idd. Alikodi vyumba viwili Bombolulu, jirani na binti yake anayefanya kazi kwenye karakana za ufundi, na wale wengine walimfuata kila mmoja kwa jamaa zake. Alinikabidhi ufunguo wa nyumba ili niendelee kusoma vioo, akaweka sharti moja: "Kila ukitoka huko, upite kwangu kwanza, kabla hujenda afisini." Nikakubali, nikijua ni adhabu yangu.

Na nyumba haikuanguka.

Hili ndilo nataka mlielewe, kwa sababu halimo vitabuni. Masika yale yakaisha, nyumba imesimama. Yakaja mengine, na mengine. Vioo vilivunjika, nikabandika vipya, vikavunjika tena. Kizingiti cha mlango wa nyuma kilizama upana wa dole gumba. Lakini mtu anayepita njiani haoni kioo wala kizingiti, anaona nyumba nzima imefungwa kufuli. Wauza samaki wa pale walikuwa wakiniita, "Bwana Nyufa, jumba lako bado lipo?" Mmoja wa wale majirani alitaka kurudi na akaja kuniambia nimewafanya watoto wake wapangaji bure. Bi. Mwanakombo alimwita Bombolulu, sijui alimwambia nini, ila hakurudi. Nilimsikia baadaye akisema, "Nikirudi mie watarudi wote," na sauti yake haikuwa ya mtu asiyetaka kurudi.

Kila Jumatatu ya mvua nilikwenda Junda, nikafungua, nikaingia vyumba vyote, nikasoma vioo, kisha nikapita Bombolulu. Alikuwa ananingoja kwenye ngazi ya mlango na tasbihi mkononi. Ananiuliza ukuta wa dirisha una nini, wa jikoni una nini. Namwambia. Anaitikia. Ananiacha niende. Siku moja nilishindwa kumkabili, nikaenda ofisini moja kwa moja. Kabla ya adhuhuri bintiye alikuwa amefika na tuktuk, ananiulizia kwa karani, na aliponiona aligeuka akaondoka. Jumatatu iliyofuata Bi. Mwanakombo aliniweka kwenye ngazi muda mrefu bila kunijibu salamu.

"Ulinipita," akasema hatimaye.

"Nisamehe, Bi. Nilikuwa na haraka."

"Usinipite tena."

Nikasema moyoni, ana haki. Nimemtoa mtu nyumbani mwake, walau nije kila wiki nimtazame usoni na kumwambia kwamba nyumba yake ingali imesimama bila yeye. Nilimpenda yule mama kama nilivyompenda wangu, na kila Jumatatu nilikwenda kwake kama mdaiwa.

Mhandisi alihamishwa. Siku ya kuondoka nilimuuliza kama tulikosea. "Mteremko haujatuambia bado," alinijibu, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza watoto hawajambo. Baada yake walikuja wakubwa wengine wawili ambao sitawaeleza, si kwa ubaya, ila ripoti zangu walizitia saini bila kuzisoma.

Zamu yangu ya kustaafu ilifika nyumba ingali imesimama. Ofisini walinifanyia sherehe ndogo, pilau na soda, na aliyehutubia alisema nimeokoa maisha ya watu wengi. Nilitazama sahani yangu. Hakuna hata mtu mmoja niliyeweza kumwonyesha kidole nikasema huyu hapa, angekuwa amekufa. Ndivyo kazi hii ilivyo. Daktari hulala akijua nani amepona. Sisi, tukifaulu, hakuna kilichotokea, na tukikosea pia mara nyingi hakuna kilichotokea, na mwili hauwezi kuzitofautisha hali hizo mbili hata ukikaa nazo miaka ishirini. Anayetaka kushukuriwa akatafute kazi nyingine.

Jumatatu yangu ya mwisho nilisoma vioo na mkaguzi mpya, binti mtaratibu kutoka Changamwe ambaye atawashinda wengi, nikamkabidhi ufunguo. Kisha nikaenda Bombolulu peke yangu. Bi. Mwanakombo alikuwa ngazini. Amekuwa mdogo sasa, buibui linambeba yeye. Nilimpa habari za kuta, dirisha na jikoni, kisha nikamwambia nililokuja nalo.

"Bi., leo ndiyo mwisho. Nimestaafu. Nilikutoa kwako, na nyumba imesimama mpaka leo. Huenda nilikosea. Nataka unisamehe kabla sijaenda nyumbani."

Aliniuliza, "Kwa hivyo hutangia tena mle ndani?"

"Siingii tena, Bi."

"Hata mvua ikinya?"

"Hata ikinya."

"Alhamdulillahi," akasema, na tasbihi akaiweka mapajani. Mara ya kwanza kumwona ameiweka. "Mwanangu, mie nyumba nalishaizika siku nilotoka. Lakini wewe kila Jumatatu wangia mle, mvua yanya, uko peke yako, na mie niko hapa sijui umetoka au hukutoka. Siku ile ulonipita nalimtuma mtoto aende akakutazame kama u hai. Ulidhani nataka habari za kuta?"

Mtu aliyetumia maisha yake yote kutazama nyufa asiweze kuona hilo miaka yote ile, hafai kujisifu. Nililia palepale kwenye ngazi, mzee mzima, na yeye akanishika mkono mpaka nikanyamaza.

Baadaye aliniuliza nani atakayeshika kazi yangu. Nikamweleza juu ya yule binti wa Changamwe, kwamba ni makini, kwamba ana mama mzazi na mtoto mmoja.

"Mwambie," alisema Bi. Mwanakombo, "akitoka huko, apite kwangu kwanza."

Nimemwambia. Mvua imeanza, na naambiwa kila Jumatatu anapita.